Maswali ya Wasomaji: Mboga za Nyumbani Zinahitaji Eneo Kubwa Kiasi Gani?

Barua za mwezi huu zimetoka sehemu tofauti, lakini nyingi zinauliza jambo moja. Tumechagua nne.

Swali: *Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Chanika, Dar es Salaam. Kiwanja chetu ni ishirini kwa ishirini, na ndani yake kuna nyumba, banda la kuku na mwembe mmoja. Nyumbani tuko sita, na kila siku natuma mtoto gengeni kununua mboga. Nataka kulima mwenyewe, lakini jirani yangu aliyewahi kuwa mkulima ameniambia kwamba bila robo ekari nisijisumbue. Tena maji ya bomba tunayapata siku mbili tu kwa wiki, na siku hizo ndipo tunapojaza tangi letu la lita 1,000. Je, nikate tamaa?*

Jibu: Dada yangu, jirani yako hana nia mbaya, ila amekupimia gauni kwa mwili wa mtu mwingine. Robo ekari ni zaidi kidogo ya mita 1,000 za mraba, yaani kiwanja chako chote mara mbili na nusu. Hicho ni kipimo cha mtu anayefikiria mahindi na maharage ya kuweka ghalani, ambayo huvunwa mara moja au mbili kwa mwaka. Mboga za majani zina hesabu nyingine kabisa, na hesabu hiyo haianzii kwenye kiwanja bali kwenye sufuria.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mmoja ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Tuchukue kwamba zaidi kidogo ya nusu yake, tuseme gramu 240, iwe ni mboga. Kwa watu sita hiyo ni kilo moja na robo tatu hivi ukihesabu na mashina na majani makukuu yanayotupwa wakati wa kuchambua. Katika nyumba zetu sehemu kubwa ya kiasi hicho ni majani, na inayobaki ni bilinganya, nyanya chungu, bamia na nyanya za kuungia. Kwa hiyo lengo lako la kwanza liwe kilo moja ya majani kila siku, ambayo ni kilo saba kwa wiki.

Sasa chukua mchicha. Ukisiwa kwenye tuta lililochanganywa samadi vizuri na kumwagiliwa bila kuruka siku, huwa tayari kung'olewa kati ya siku 21 na 30, na kila mita moja ya mraba hukupa kilo moja na nusu hivi kwa mvuno mmoja. Kilo saba za wiki zitatoka, basi, katika tuta moja la mita moja kwa mita tano. Lakini tuta hilo ukishalivuna litakaa mwezi mzima kabla halijakupa mchicha tena, na kwa sababu hiyo unahitaji matuta matano yanayopokezana. Jumamosi hii unasia la kwanza, Jumamosi ijayo la pili, na kuendelea hivyo hivyo, ili wiki unayomaliza kusia la tano ndiyo wiki unayoanza kung'oa la kwanza, kisha unaligeuza udongo, unaliongeza samadi na kulisia upya. Matuta matano ya mita tano za mraba ni mita 25 za mraba.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na mimi nimo miongoni mwao. Mwaka wangu wa kwanza wa bustani nilitengeneza eneo la mita 20 za mraba, nikamwaga mbegu zote asubuhi moja kwa furaha. Wiki ya nne mchicha ulikuwa umesimama kama msitu. Tulikula mchicha mchana na usiku, tukawapelekea majirani, mpaka majirani wakaanza kusema kwamba wao pia wana mboga nyumbani. Uliobaki ulitoa maua, shina likawa gumu, nikawakatia kuku. Wiki ya sita nilikuwa gengeni nimepanga foleni na wenzangu. Eneo lilikuwa linatosha. Kilichokosekana ni kalenda.

Upana wa tuta usizidi mita moja, kwa sababu mkono wa mtu aliyechuchumaa pembeni hufika katikati ya tuta bila kukanyaga udongo, na udongo usiokanyagwa hupenyeza mizizi na maji. Kati ya tuta na tuta acha njia ya sentimita 40, itoshe mguu na keni ya kumwagilia. Kwa kila tuta weka ndoo moja ya lita 20 ya samadi ya kuku wako, ila iwe imekaa wiki kadhaa ikapoa, kwa maana samadi mbichi ya kuku huunguza miche. Na hao kuku uwazuie kwa wavu au fito: tetea mmoja mwenye vifaranga hupekua tuta zima kwa muda wa kunywa chai.

Pembeni ya matuta hayo tenga mita nne za mraba za matembele, ambayo hupandwa kwa vipande vya mashina na huendelea kuchipua miezi mingi kila unapochuma ncha. Matembele ndiyo akiba yako ya masika, kipindi ambacho mvua ya kishindo hulaza mchicha na kuurushia matope, ilhali yenyewe ndiyo kwanza yanatambaa. Mita sita nyingine weka mashina manne ya bilinganya, manne ya nyanya chungu na machache ya bamia. Kisamvu hakihitaji kuhesabiwa kabisa, kwani mihogo mitatu au mti mmoja wa kisamvu mpira kwenye kona ya uzio unatosha, mradi ukitwange na kukichemsha ipasavyo. Jumla imekuwa mita 35 za mraba za kupanda, na ukiongeza njia utafika 50. Hilo ni eneo la mita tano kwa mita kumi, sehemu moja ya nane ya kiwanja chako.

Nyanya sikuzitia katika hesabu kwa makusudi. Zinapendeza machoni, lakini kila shina linadai nafasi yake na mti wa kulishikilia, masika huleta ukungu, na kiangazi huleta kantangaze, yule nondo ambaye kiwavi wake hupita ndani ya jani na kutoboa tunda. Mwenye eneo dogo na watu sita wa kuwalisha apande kwanza kile kinachomrudishia jasho lake kila wiki, nyanya akanunue.

Huenda umesoma mahali fulani kwamba familia inahitaji mita 250 za mraba. Kipimo hicho kipo kweli, nacho kimetoka Uingereza, ambako eneo la kawaida la bustani zinazokodishwa na halmashauri ni la ukubwa huo. Lakini huko bustani hulala wakati wa baridi, na ndani ya eneo hilo kuna viazi vya kuwekwa kwa miezi. Wewe unasia Januari na unasia Julai. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limewahi kutaja kilo 20 za chakula kwa mwaka kutoka katika mita moja ya mraba ya bustani ndogo inayohudumiwa vizuri. Hesabu niliyokupa haifiki hata kilo 15 za mchicha kwa mita, kwa hiyo sijakupa matumaini ya hewa.

Kinachonipa wasiwasi katika barua yako si ardhi. Ni lile tangi. Wakati wa jua kali bustani ya mboga za majani katika Dar es Salaam hutaka lita tano hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mita 35 zitakunywa lita 175, karibu ndoo tisa za lita 20, na kwa wiki nzima ni lita 1,225 kati ya lita 2,000 unazopata. Hapo watu sita watabaki na lita 18 kila mmoja kwa siku, za kupikia, kufulia na kuoga, na bustani hiyo haitamaliza mwezi kabla ya baba watoto kuuliza maji yanakwenda wapi. Kwa sababu hiyo nakushauri upime maji kabla ya ardhi: kuanzia Januari hadi mvua za Machi, na tena wakati wowote bomba linapokuwa na mzaha, lima matuta matatu tu ya mchicha, yaani ndoo nne kasorobo, na ndoo moja nyingine igawie matembele na bilinganya, ambazo ukizitandazia majani makavu unene wa vidole vinne zitavumilia kumwagiliwa siku moja na kuruka moja. Maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe uani. Masika yakifika, yarudishe matuta yote matano.

Jambo la mwisho kwako: unapopima hizo mita tano kwa kumi, usihesabu ardhi iliyo chini ya mwembe, wala iliyo karibu na karo la maji machafu, wala ukingo wa mtaro unaopitisha maji ya mtaani. Mboga za bonde la Msimbazi zimewahi kupimwa na wataalamu zikakutwa na madini mazito kama risasi, na madini hayo hayaondoki kwa kuosha wala kwa kupika.

Swali: *Sisi tuko Kayole, Nairobi, tumepanga nyumba ya vyumba viwili katika orofa ya pili. Ni mimi, mke wangu na mtoto wa miaka sita. Shamba hatuna, lakini tuna roshani ndogo, na mwenye ploti ameturuhusu kutumia kipande kidogo cha uwanja wa nyuma. Nimesikia habari za kupanda sukuma wiki kwenye magunia. Magunia mangapi yatatutosha, na yatachukua nafasi gani?*

Jibu: Ndugu yangu, magunia matatu, na yote yawekwe chini uwanjani, si kwenye roshani. Gunia la mahindi la kilo 90 likijazwa udongo na kumwagiwa maji huwa zito kuliko lilivyokuwa na mahindi, kupita kilo 100 kwa urahisi, na roshani za nyumba nyingi za kupanga hazikujengwa kwa mzigo huo. Kwenye roshani weka makopo ya dania na vitunguu vya majani.

Mtindo huu si mgeni kwenu. Kibera umeenea tangu mwaka 2008, baada ya zile ghasia za uchaguzi, wakati chakula kilipopanda bei na njia za kuingiza mboga mtaani zilipovurugika. Ubora wa gunia ni kwamba linapanda juu badala ya kutambaa: linakalia nafasi isiyozidi hatua moja, lakini ubavu wake wote ni shamba.

Namna ya kulijaza ndiyo inayoamua. Changanya udongo mwekundu na samadi iliyooza, sehemu mbili kwa moja. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako wala kifuniko, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha jaza udongo kulizunguka mpaka ufike ukingo wake. Livute kopo juu polepole, kokoto zibaki mahali pake, ujaze tena, na uendelee hivyo hadi juu. Ukimaliza utakuwa na nguzo ya mawe ndani ya gunia, na kupitia nguzo hiyo maji yatafika chini badala ya kuishia kwenye udongo wa juu. Nimeona magunia mengi yaliyoachwa bila nguzo: juu sukuma zimenawiri, chini zimekauka kama tumbaku. Kisha toboa matundu ubavuni kwa kisu, yapishane kwa shubiri moja hivi, upandikize mche mmoja katika kila tundu. Gunia moja litabeba miche 25 ubavuni na mitano juu.

Sasa hesabu. Kuanzia wiki ya sita au ya nane baada ya kupandikiza, kila mche utakupa majani mawili ya chini kwa wiki bila kuudhoofisha. Miche 30 ni majani 60, kilo moja na zaidi kidogo. Magunia matatu ni kilo tatu na nusu kwa wiki, wakati familia ya watu watatu ikifuata kile kipimo cha gramu 240 inahitaji kilo tano. Kwa hiyo magunia matatu yatawalisha siku tano kati ya saba, na siku mbili mtanunua managu, yaani mnavu, au kunde, jambo ambalo si baya kwa sababu sukuma ya kila siku humchosha hata aliyezaliwa nayo. Nafasi itakayotumika, pamoja na pa kusimama na kuzunguka, ni mita tatu za mraba. Kila gunia lipewe lita kumi za maji kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, na yasiwe na sabuni. Chunguza upande wa chini wa majani mara mbili kwa wiki, maana vidukari wakishajaa hawatoki kwa kupulizia maji tu. Na gunia la nailoni huchakazwa na jua; baada ya mwaka mmoja au miwili litaanza kupasuka, kwa hiyo lipange mapema la kulirithi.

Swali: *Nimejenga Makunduchi, Unguja. Nafasi ninayo tele, pengine mara tatu ya hao wanaolalamika, lakini ukichimba vidole vinne tu jembe linagonga jiwe. Je, niongeze ukubwa wa bustani ili nifidie udongo mchache?*

Jibu: Hapana. Katika ardhi ya uwanda, yaani ya mawe kama yako, kinachopungua ni kina, na kina hakifidiwi kwa upana. Utajiongezea palizi na ndoo za maji ambayo yatapenya kwenye mawe na kupotea. Afadhali eneo liwe dogo kuliko la wenzako wa bara, lakini liinuliwe. Mchicha huridhika na udongo wa sentimita 25, na bilinganya hutaka 40. Zungushia mawe, ambayo wewe huhitaji kuyanunua, upate kisanduku cha mita moja kwa tano chenye kimo hicho cha sentimita 25. Kitameza mita moja na robo za ujazo za udongo, sawa na matoroli 20 hivi, na theluthi moja yake inaweza kuwa mboji ya majani na samadi ya ng'ombe. Ni kazi kweli, ndiyo maana ninasema kisanduku kimoja kwa msimu. Mipapai na mipilipili usiipe kisanduku: tafuta zile nyufa na mashimo ya asili ambamo udongo umejikusanya wenyewe, kama wazee wa huko wanavyofanya tangu zamani.

Swali: *Nimestaafu utumishi, nipo Morogoro, na ninayo robo ekari nyuma ya nyumba, kisima kikiwa hapo hapo. Tumebaki wawili na mama watoto. Nataka kuilima yote mboga ili tule sisi na tuuze ziada. Mnanishauri nini?*

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Ardhi unayo, maji unayo. Nikuulize habari za mgongo. Bustani ya mita 50 za mraba, ukijumlisha kumwagilia, kupalilia na kuchuma, hula saa moja hivi ya mtu mmoja kila siku, na robo ekari ni bustani ya namna hiyo mara ishirini. Kwa mpira wa maji na pampu utapunguza kazi ya kumwagilia, lakini palizi haina pampu. Ukiilima yote itakubidi uajiri kijana, na ukishaajiri umeanza biashara, ambayo ina maswali yake ya soko na bei, si bustani ya nyumbani tena.

Ninyi wawili mnatoshwa na mita 15 za mraba zilizopandwa, yaani matuta matatu ya mita tano. Mkitaka wajukuu wakija likizo wapate, ongezeni mawili. Lima hayo kwa msimu mmoja, kuanzia Juni wakati hali ya hewa ya huko imepoa na chainizi, karoti na sukuma wiki hukubali bila kusumbua, na uwe unaandika katika daftari ulichosia, tarehe, na mafungu uliyochuma. Eneo linalobaki usiliache tupu, kwa maana magugu yatalichukua: lipande kunde, ambazo majani yake ni mboga, punje zake ni kitoweo, na mizizi yake hulisha udongo wakati unasubiri. Daftari likionyesha kwamba mmekula, mmegawa, na bado kila wiki kuna mafungu yanayochanua shambani kwa kukosa mchumaji, hapo ndipo umwite muuza mboga wa mtaani kwenu aje aone tuta kabla hujaongeza jingine.